Mikanda ya umeme na mazoezi yetu ya asubuhi

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo nizungumzie hii mikanda ya umeme ya kupunguza tumbo, sasa hivi imezagaa, sokoni Darajani ipo na kwenye simu ndo usiseme, jamaa anakwambia vaa nusu saa umekaa zako kwenye kochi unaangalia tamthilia na kitambi kinaondoka chenyewe. Matokeo yake kwenye kikundi chetu cha jogingi hapa Maisara wapo ambao hawaji tena, ukiwauliza wanasema washanunua mkanda, kukimbia kwa nini.

Mimi umeme wenyewe siupingi. Watu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wanautumia kitambo tu, mtu kapata kiharusi au kafanyiwa opareshini ya goti, anabandikwa vibandiko pajani, umeme unagusa neva na msuli unakaza bila ya mwenyewe kuukaza, ili usije ukasinyaa. Na wako waliopooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo, huko nje wanapandishwa baskeli maalumu, kompyuta inapeleka umeme kwa zamu msuli huu kisha ule, na miguu inapiga pedeli kweli kweli mpaka moyo unakwenda mbio na pumzi zinapanda. Kwa hivyo umeme na mazoezi ya kupandisha pumzi vinaweza kwenda pamoja. Na sababu ipo, mana ukitembea kawaida mwili unaanza kutumia zile nyuzi ndogo za msuli zisizochoka upesi, zile kubwa zenye nguvu zinasubiri mpaka kazi iwe nzito, umeme wenyewe hausubiri zamu, unazikamata na hizo kubwa pia. Ndo mana msuli unachoka haraka ukiwa na umeme.

Ila sasa tumbo! Misuli mikubwa iko mapajani na makalioni, ukiitumia hiyo ndo moyo unafanya kazi, tumbo likitikisika peke yake umekaa kwenye kochi moyo hata habari hauna. Na mafuta hayaondoki pale pale ulipobandika. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wenyewe wameshaeleza kuwa umeme unaweza kuimarisha misuli kiasi fulani lakini mwili hauwezi kubadilika sana bila ya kuangalia unachokula na mazoezi ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hizo hazilipwi na mkanda. Alonunua asitupe, pesa zake, aulizie kwanza kwa mtu wa fiziotherapia halafu kama anaruhusiwa afunge mapajani huku anapiga baskeli ile isokwenda, kidogo kidogo.

Linalonitia khofu zaidi ni kuwa wauzaji hawaulizi kitu. Mwenye betri ya moyo, mjamzito, mwenye kifafa, hao wasiusogelee bila ya daktari, na vibandiko haviwekwi shingoni kwa mbele wala kifuani. Tena anaeanza kwa kuuzidisha siku ya kwanza, khasa ile suti ya umeme ya mwili mzima, misuli inaweza kuumia mpaka mkojo ukawa mweusi mweusi kama chai kavu, hapo figo ziko hatarini na ni hospitali moja kwa moja. Mwezi wa Ramadhani ndo usijaribu kabisa mchana, huna maji mwilini.

Ombi langu, tarehe 1 Januari tunapokusanyika siku ya mazoezi, Unguja au Pemba, wapewe japo robo saa wataalamu wa fiziotherapia watueleze haya. Na wanaohusika na viwango waangalie hizi bidhaa zinapoingia bandarini, angalau kila boksi liwe na karatasi ya Kiswahili inayosema nani hafai kuvaa.

Mkimbiaji wa Maisara,
Unguja