Vijana wa Bagamoyo msitoe hela ili mpewe nafasi ya kuigiza

Mhariri, naomba nafasi kwenye safu yako ya barua maana hili jambo limenikaa kooni na nikinyamaza kuna mtoto mwingine ataliwa hela.

Mpwa wangu ana miaka 19 na anapenda kuigiza toka yuko darasa la nne. Mwezi uliopita kaja kwangu mbio simu mkononi, shikamoo mjomba, nimechaguliwa! Nikaichukua simu nikasoma, umechaguliwa kuigiza kwenye tamthilia, tuma elfu hamsini ya fomu. Nikamuuliza wamekuona wapi, akasema walitaka picha tu akawatumia. Nikamwambia mwanangu hawa wamekuchagua na hawajasikia hata sauti yako, subiri kwanza. Hakusubiri na wala simlaumu, mama yake anauza vitumbua akatoa hela ya mchele na mafuta wakatuma, baadae wakadaiwa elfu themanini nyingine ya picha wakatuma tena. Siku ilipofika kapanda gari mpaka Makumbusho, Dar, kufika huko kakuta chumba kimoja, viti vya plastiki, vijana zaidi ya ishirini wamekaa na kila mmoja ana meseji ya muamala kwenye simu yake, kamera hakuna, skripti hakuna, wanaambiwa subirini dairekta yuko njiani. Jioni wakatawanyika na zile namba hazipatikani mpaka leo.

Jamani kuigiza ni kazi, na kazi ndo inakulipa wewe. Ada ya chuo ni kitu kingine, pale unalipia mafunzo, lakini mtu anaekuuzia nafasi kwenye filamu yake huyo biashara yake ni wewe, filamu hana.

Na mafunzo yenyewe tunayo hapa hapa mlangoni. Chuo cha Sanaa kipo Bagamoyo tangu 1981, kuanzia 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, watu wanatoka nje ya nchi kuja kusoma pale alafu mtoto wa Magomeni au Dunda za hapa Bagamoyo anapita kila siku getini hajawahi hata kuingia kuuliza. Tamasha lake lipo tangu 1982, nenda kakae siku nzima uangalie wenzako wanavyosimama jukwaani. Mi nimepiga ngoma na kuigiza miaka mingi, ukumbi wa chuo ulipoungua 2002 nililia kama nimefiwa, kwahiyo nikisema jukwaa linafundisha najua nnachosema. Marehemu King Majuto, yule mchekeshaji wa Tanga, alianzia kwenye vikundi vya jukwaani huko, kabla ya hizi video, na ndo maana alikuwa akiingia tu kabla hajafungua mdomo watu washaanza kucheka.

Yule mpwa wangu sasa hivi nampeleka ufukweni asubuhi kabla wavuvi hawajarudi, nasimama mbali kama hatua hamsini namwambia sema "mama karudi?" upepo wa bahari unapiga na mi nataka nisikie kila herufi bila yeye kupiga kelele. Siku ya kwanza alikuwa anatolea sauti kooni, akakauka dakika kumi tu. Nikamwekea mkono tumboni, vuta pumzi ijae huku chini, haya sema. Tukarudia ile ile "mama karudi?", sema kama unamuogopa mama, sema kama hujamuona miaka mitatu, sema kama umevunja sahani. Hiyo ya miaka mitatu aliisema taratibu mpaka mchuuzi mmoja wa samaki akasimama na beseni lake kichwani anasikiliza.

Ukishapata kazi ya kweli usikubali ya mdomo tu. Iandikwe siku ngapi, shilingi ngapi, unalipwa lini, nauli na chakula cha lokesheni juu ya nani, na wakija kuirusha tena kwenye TV au YouTube wewe unapata nini. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ila ukienda kulalamika huna karatasi watakusaidiaje?

Na mabinti, hili nalisema kama mzazi. Usaili hauwi gesti usiku. Akikwambia njoo peke yako usiende, na wavulana nao pia wanaombwa siku hizi basi tu hawasemi. Kudai ngono ili akupe kazi ni kosa, lipo kwenye sheria ya rushwa ya 2007 kifungu cha 25, namba ya TAKUKURU ni 113 na ni bure. Tunza zile meseji usifute hata moja.

Wazazi nao naomba, mtoto akikwambia anataka kuigiza usimfokee akaanza kukuficha, maana wakila hela yake kwa siri utajulia wapi?

Jumamosi asubuhi mi na mpwa wangu tutakuwa ufukweni pale pale karibu na soko la samaki, kijana anaetaka aje na maji yake ya kunywa, silipishi.

Mpiga ngoma,
Dunda, Bagamoyo