Kwa mdogo wangu, kuhusu usiku ule wa kabla ya mnada

Mdogo wangu,

Kila nikikutumia ujumbe naona umeusoma. Hujibu. Basi leo naandika hapa.

Kwanza, hali yako. Kile kikohozi cha vumbi la nyasi kavu kimeisha? Ulikohoa wiki nane nzima na hukukosa kazini hata siku moja, nami sikuwahi kukwambia kwamba niliona. Niliona. Nilikuona pia siku ile ya mahindi, ulivyopiga magoti matopeni kumkagua yule kiwavijeshi vamizi, mla mahindi: madoa manne meusi mkiani yaliyopangika mraba, alama ya Y iliyogeuzwa kichwani. Ukapiga kelele kama uliyemkuta mwizi wenu kwao. Na kweli huku Amerika ndiko kwao, ndiko alikotoka kabla hajaonekana Afrika mwaka 2016. Mkulima mwenye shamba alikupenda tangu saa ile. Mpaka leo ananiuliza habari zako, nami namjibu hujambo, kana kwamba najua.

Unakumbuka ndoo ya bati? Wiki yako ya pili. Tulikuwa tunachukua sampuli za udongo, tunakwenda zigizaga, inchi sita chini, vijiti vya udongo kumi na tano hadi ishirini kwa kila kipande cha shamba, wewe ukaja na ndoo ya bati uliyoikuta ghalani. Nilikufokea. Nikakwambia bati linaachia zinki, na zinki ikishaingia kwenye sampuli maabara itamdanganya mkulima bila kujua, naye atapanga mbolea kwa uongo huo. Ukarudi mbio kutafuta ya plastiki. Nilidhani umesahau.

Sasa tuje kwenye usiku ule.

Banda la kondoo, saa tatu usiku, feni zinavuma, watu wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja wanasubiri kesho. Mtoto wetu (naandika wetu, maana ulimfundisha wewe kuliko mimi) alikuwa amelala juu ya maranda, kichwa chake ubavuni mwa kondoo. Miaka kumi, mwaka wake wa kwanza kwenye 4-H, klabu ya watoto na vijana ya kujifunza kwa vitendo, kama kufuga na kulima. Akaniuliza: akishauzwa kesho, naweza kwenda kumtembelea?

Nikamwambia, tutaona kesho.

Akageuka akakutazama wewe. Wewe ukachuchumaa mpaka macho yenu yakawa sawa, ukamwambia hapana, kondoo hawa wakitoka mnadani wanapelekwa kuchinjwa. Hukumficha wala hukurembesha. Alinyamaza kwanza. Akauliza kama ataumia. Ukamjibu unavyojua. Ndipo akalia, kilio kile cha mtoto anayejaribu kukizuia, mama yake akaja mbio, banda zima likageuka.

Nami nikakufokea kwa Kiingereza.

Mdogo wangu, tangu uwanja wa ndege siku ya kwanza mimi na wewe hatujawahi kugombana kwa Kiingereza. Nilikichagua. Nilitaka mama yake asikie, wazazi wengine wasikie, mkuu wangu aliyesimama pale kwenye mizani asikie, kwamba kosa si la afisa ugani wa kaunti, ni la mwanafunzi wa fildi. Nilisema umekuja kwa wiki nane tu, usitufundishe kazi. Nilisema maneno mengine ambayo unayakumbuka.

Wewe ukanijibu kwa Kiswahili. Kwa sauti ya chini, ili nisikie mimi peke yangu: "Dada, na hii si ndoo ya bati?"

Ulikuwa na nafasi ya kuniaibisha mbele ya watu wale wote, ukanisitiri. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Lakini na wewe nisikilize. Kazi hii ina utaratibu. Anayepaswa kumwambia mtoto ni mzazi, na anamwambia mapema, siku mnyama anaponunuliwa, wala si usiku wa mwisho mtoto akiwa amechoka na hajala. Ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi umeandika wazi kwamba huyu ni kondoo wa soko. Kila wiki mtoto anaandika kilo za chakula, gharama, uzito, dawa na siku za kusubiri baada ya dawa, ili mwisho apate faida au hasara. Klabu hizi za watoto zilianza kabla hata ya sheria ya Marekani ya 1914 iliyounganisha vyuo vikuu, kaunti na wakulima, na zilishika kwa sababu mtoto alipewa mbegu akaipanda kwa mikono yake, na baba aliyekuwa akibeza maneno ya wataalamu akayaona mahindi. Mtoto anajifunza kwa kufanya. Nilikuwa nasubiri daftari limfikishe lenyewe. Ningefanya nini kingine? Nimelea watoto wa namna hii miaka sita, na wengi hulijua jambo hili bila kuambiwa.

Wengi. Huyu hakulijua. Na ule ukurasa wa kwanza ulikuwa mwandiko wa mama yake. Nimeuangalia tena.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa wako, sibishi. Ninachoshindwa kukusamehe ni asubuhi yake. Uliacha funguo na fulana ya kijani juu ya meza yangu, ukaondoka kabla ya mnada. Ulimpa mtoto wa watu mzigo mzito kiasi kile, halafu hukuwepo kumsaidia kuubeba. Alikutafuta. Alikwenda mpaka kwenye mabomba ya kuogeshea wanyama, akadhani uko huko. Ungenikasirikia mimi ukabaki naye. Mimi ni mtu mzima, ningesubiri.

Hukumwona alivyoingia uwanjani. Hana kamba, mkono mmoja chini ya taya la kondoo, goti limekazwa kifuani mwake kama ulivyomfundisha, mgongo wa kondoo umesimama imara. Macho mekundu, lakini hakumwachia. Mnada ulipoisha alimpeleka mwenyewe mpaka zizi la mwisho, akamvua ile hatamu ya bluu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mama yake alinishika mkono tu, hatukusema kitu.

Mkuu wangu nilimweleza wiki iliyofuata kwamba mtoto aliniuliza mimi kwanza na mimi nikakwepa. Ripoti yako ya fildi imetiwa saini, haina doa. Nilipaswa kuyasema hayo palepale bandani, kwa lugha ileile niliyokufokea.

Daftari lake liko mezani kwangu. Amejaza chakula, amejaza bei ya mnada, ametoa, amepata faida ndogo. Pale panapouliza ni nani aliyekusaidia ameandika jina lako, amekosea herufi mbili. Mwakani anataka kondoo jike wa kuzalisha, ambaye baada ya maonyesho anarudi naye nyumbani. Ameniuliza kama utakuja kumfundisha kumsaidia kondoo akizaa.

Nimemwambia sijui, nitakuuliza.

Dada yako