Kwa Nini Simu ya Video Hukwama Saa Mbili Usiku

Mteja wetu mmoja wa Barani, hapa Malindi, ambaye kila jioni huzungumza kwa video na mwanawe aliye ng'ambo, alitaka tumpandishie kifurushi cha intaneti kwa kuwa picha iliganda kila ifikapo saa mbili usiku. Fundi wetu aliketi sebuleni kwake akapima: saa kumi jioni pakiti, yaani kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni, ilifika Mombasa na kurudi kwa milisekunde (elfu moja za sekunde) 9, na saa mbili na robo ilichukua 140, ilhali waya ulikuwa ule ule na hapakuwa na kilichoharibika.

Umbali hauna lawama hapa. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Malindi hadi Mombasa, zinakoibukia nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM, ni kama kilomita 120 tu. Muda uliozidi ulipotelea kwenye foleni ndani ya rauta, kifaa kinachopokea pakiti na kuzielekeza ziendako, katika njia ambayo mteja huyo anaitumia pamoja na majirani zake.

Hesabu ya foleni, ambayo Mdenmaki Agner Krarup Erlang aliianzisha mwaka 1909 alipochunguza simu za Copenhagen, ina jambo linalowashangaza wengi. Katika kielelezo chake chepesi kabisa, njia ikijaa nusu, pakiti huchukua kwa wastani mara mbili ya muda wa njia tupu. Ikijaa asilimia 90, mara kumi. Na asilimia 95, mara ishirini. Pakiti halisi huja kwa mafungu, kwa hivyo hali huwa mbaya kuliko hiyo.

Ndiyo maana tunapima muda wa pakiti mchana kutwa na kutabiri msongamano wa jioni. Wastani wa zamani tunaupa uzito wa 7/8 na kipimo kipya 1/8, kanuni aliyoieleza mtaalamu wa mitandao Van Jacobson mwaka 1988, ambayo kompyuta nyingi bado huitumia kukadiria zingoje jibu kwa muda gani kabla ya kutuma tena. Udhaifu wake ni kwamba hufuata yaliyokwisha kutokea, wala haijui kuwa leo kuna mechi, kwa hivyo tunaongeza wenyewe kalenda ya mechi na ya likizo za Desemba.

Mteja wetu hatukumuuzia kifurushi kikubwa zaidi, kwani kisingemfaa kitu. Tulizipa pakiti za simu foleni yao fupi, tukaziomba hoteli mbili zihamishie saa saba usiku kazi ya kutuma picha za kamera za ulinzi. Anayependa kupokea utabiri wa jioni kwa ujumbe wa simu apite ofisini ajiandikishe. Huduma hiyo haina malipo.