Kile kibanio cha karatasi hakikuibwa: maelezo kwa wateja wanaohama kutoka Outlook 2003

Kuna lalamiko linaloturudia karibu kila tunapomhamishia mteja barua pepe zake kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya, nalo ni kwamba tumemwekea "Office nusu", yaani lile furushi la programu za Microsoft, ikiwemo Outlook ya barua pepe, likiwa na upungufu. Ukimuuliza kilichopungua, hataji barua, wala anwani, wala kalenda. Anataja kile kibanio cha karatasi chenye macho makubwa kilichokuwa kikikaa pembeni mwa Outlook na kujikunja kila alipokosea, au yule paka aliyekuwa akisinzia mtu asipogusa kibodi. Mteja mmoja, wakala wa forodha, alifika dukani na risiti yetu mkononi akitaka arudishiwe fedha zake, akiamini kwamba tumemwekea programu ya kughushi na kwamba programu halali ingekuwa na katuni yake. Kwa kuwa hakuwa wa kwanza, tumeona ni haki tueleze jambo hili kwa maandishi.

Katuni hiyo ndiyo msaidizi wa Office (Office Assistant), aliyeingia sokoni pamoja na Office 97. Kibanio, ambacho jina lake rasmi ni Clippit ingawa wengi wanakiita Clippy, kilichorwa na Mmarekani Kevan Atteberry, na katika matoleo yaliyofuata mteja aliyekichoka aliweza kuchagua mbwa Rocky, paka Links au ule mpira mwekundu unaotabasamu. Kuanzia Office 2000 katuni hizi zilitoka kwenye kidirisha chao na kuanza kuzurura juu ya skrini, kwa sababu zilihamishiwa kwenye mfumo ulioitwa Microsoft Agent, uliokuwa ndani ya Windows. Lakini watu wengi zaidi waliudhika kuliko waliofurahi. Office XP ilipotoka mwaka 2001 msaidizi alikuwa amezimwa tangu kiwandani, na Microsoft yenyewe ilitengeneza matangazo ya kumdhihaki. Office 2003 haikumweka kabisa mpaka mtu aombe. Office 2007 ikamfuta. Windows 7 nayo ilipokuja haikuwa na Microsoft Agent. Kwa hiyo Office mpya uliyonunua, hata ingetoka mikononi mwa Microsoft yenyewe, haina kibanio, na kutokuwepo kwake si dalili ya programu bandia.

Hata hivyo hatuwacheki wanaomlilia, maana ndani ya Outlook msaidizi alikuwa na kazi. Alipokuwa amewashwa, maonyo ya programu yaliweza kutokea kwenye kiputo chake cha maneno cha rangi ya manjano badala ya kisanduku cha kawaida cha kijivu. Katibu muhtasi mmoja wa ofisi ya mawakili, mama mtu mzima aliyejifunza kompyuta akiwa kazini, alikuwa akibonyeza F1, kitufe cha kuomba msaada, anaandika swali lake kwenye kiputo kile kwa Kiingereza chake cha shuleni, na kuchagua jibu katika orodha iliyomjia. Tulipomhamishia Outlook mpya tulikaa naye mchana mzima tukimwonyesha kwamba F1 bado inafanya kazi, na kwamba kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya dirisha ndicho kilichochukua nafasi ya kiputo. Muda huo haukuandikwa popote kwenye ankara, na wanaosema bei zetu ziko juu wangefaa kuuhesabu.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotumia hadi leo mashine za Windows XP na hawataki kuiona katuni hiyo. Njia sahihi ni ya nusu dakika: bofya msaidizi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Options, ondoa alama ya tiki kwenye "Use the Office Assistant", basi. Ukichagua Hide tu, umemficha, na atarudi siku utakapobonyeza F1. Lakini watu hawapendi njia sahihi. Tumepokea mashine ambayo kijana wa ofisi aliingia kwenye OFFICE11, folda ya Office 2003, na kulifuta faili la kibanio, CLIPPIT.ACS, na mengine yaliyokuwa jirani nalo kwa sababu alidhani nayo ni katuni. Tangu hapo Office ilipoona kimepungua kitu ilianza kujirekebisha yenyewe na kudai CD ya usakinishaji, CD ambayo ofisi ilikuwa imeipoteza zamani. Kazi ya kuondoa tiki moja, ambayo tungeifanya bure mteja akisubiri, iligeuka kuwa kusakinisha Office nzima upya.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko hiyo ni ya kumrudisha kibanio kwa kupakua katuni kwenye mtandao. Jambo hili halikuanza leo. Enzi zile za Microsoft Agent palikuwa na sokwe wa zambarau aliyeitwa BonziBuddy, aliyetolewa bure, anaongea, anaimba, huku akimwaga matangazo na kukusanya habari za watumiaji. Mwaka 2004 kampuni iliyomtengeneza ilikubali kulipa dola 75,000 kwa Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani kwa sababu ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Tabia hiyo bado ipo. Yule wakala wa forodha, kabla ya kuja kutudai fedha, alikuwa amekwisha kupakua kitu kilichojiita msaidizi wa barua pepe, na kitu hicho kikamwomba nywila yake, naye akaiandika. Siku ya pili wateja wake walikuwa wakipokea kutoka kwenye anwani yake barua zenye viambatisho ambavyo hakuvituma. Kusafisha mashine, kubadilisha nywila na kuwaarifu wateja hao mmoja mmoja kulimgharimu zaidi ya bei yote ya kuhamishiwa barua.

Na hapo ndipo tunapoomba tueleweke kuhusu bei. Tunatoza shilingi 60,000 kuhamisha barua za kompyuta moja, na tunajua kwamba kishoka wa barabarani atakufanyia kwa 15,000. Kishoka atanakili My Documents kwenye flashi na kukukabidhi. Barua za Outlook ya zamani hazikai humo. Ziko ndani ya faili la PST, ambalo kwenye Windows XP lilihifadhiwa katika folda iliyofichwa, na asiyelijua huliacha kwenye diski ambayo kesho itaformatiwa. Tena, PST iliyoanzishwa na Outlook 2002 au ya kabla yake haivuki gigabaiti 2, hata ikiwa sasa inafunguliwa kwa Outlook 2003, na ikikaribia kiwango hicho inaweza kuharibika. Sisi hulipima faili kwanza, tunalinakili mara mbili, tunaipitisha nakala moja kwenye kifaa cha kurekebisha kiitwacho Scanpst, kisha tunalinganisha idadi ya barua katika kila folda kabla na baada. Anayesema tumemwibia katuni hajui kwamba saa zile alizosubiri tulikuwa tukihesabu barua zake za tangu mwaka 2004.

Ukija kwetu, basi, leta kompyuta yenyewe ya zamani, si flashi, pamoja na nywila za barua pepe. Anayetaka kibanio kwa dhati tutamwachia mashine yake ya Windows XP kama ilivyo, ikiwa na Office 2003 na katuni yake, aisomee barua za zamani tu. Ila tutaing'oa kwenye mtandao, kwa kuwa Microsoft ilikoma kuzitolea Windows XP na Office 2003 masahihisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Ikibidi kusakinisha upya Office 2003 kwa ajili hiyo, CD halali na namba yake ya leseni ziwe za mteja mwenyewe. Asiyekuwa nazo, kazi hiyo hatuifanyi, hata kwa nyongeza ya malipo.