Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Usingizi wa Mlezi Nao Uhesabiwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Uganda.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Arua. Naandika nikiwa mama wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza. Ombi langu ni kwamba wizara inapopanga vifaa vya kuwatibu watoto hawa, imkumbuke pia anayekesha nao.

Insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari, peke yake haitoshi. Mtoto akichomwa sindano jioni, kisha akala posho (ugali) kidogo kuliko kawaida au akawa amecheza mpira hadi magharibi, sukari inaweza kumshuka akiwa usingizini. Chini ya miligramu 70 kwa desilita tayari imeshuka mno. Ikizidi kushuka, mtoto hutoka jasho na kutetemeka, na mwishowe anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Majirani wengine husema ni mapepo. Mlinzi wake ni mama, anayeamka saa sita, akaamka tena saa tisa, akamgusa mwanawe shingoni, na kama stripu za kupimia sukari zipo akamtoboa kidole.

Mara nyingi hazipo. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, umewapa watoto wengi insulini na stripu bure, na tunashukuru kwa dhati, maana wako walio hai kwa sababu hiyo. Lakini stripu chache za asubuhi na jioni hazimlindi mtoto usiku wa manane. Zikiisha kliniki, mama muuza nyanya hulazimika kuchagua kati ya stripu na karo.

Kipo kifaa cha kukesha pamoja nasi. Sensa ya sukari hubandikwa mkononi, uzi wake mwembamba ukiingia chini ya ngozi, na hupima kila baada ya dakika chache kwa siku 10 hadi 14. Sukari ikishuka, simu au kisomeo chake hulia. Stripu bado zitahitajika, kwa kuwa sensa hupima majimaji ya chini ya ngozi na huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Tena king'ora kikilia ovyo usiku kucha, humchosha mlezi upya. Kwa hiyo siombi sensa zigawiwe kama vyandarua, kisha kila mtu aende zake. Naomba na muuguzi aliyefunzwa, mwenye nafasi ya kukaa na mama na kumweleza maana ya mshale wa kwenye kisomeo unaopanda na unaoshuka, kwa lugha anayoielewa. Huku West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi, wengi wetu tungeelewa kwa Kiswahili.

Shule nazo, Mheshimiwa. Shule nyingi za bweni zinakataza simu. Katazo hilo lina sababu zake, lakini kwa mtoto huyu simu ni sehemu ya tiba. Ikifungiwa kabatini kwa matroni, sensa inabaki kama plasta tu. Waraka mmoja kutoka kwako na Waziri wa Elimu, wa kuruhusu vifaa vya kisukari na glukosi darasani na bwenini, hauhitaji fedha za kigeni.

Najua bei itatajwa. Basi hesabu iwe kamili: wahesabiwe mtoto anayelazwa akiwa hajitambui, mama aliyeacha biashara, na dada mkubwa aliyegeuzwa muuguzi wa nyumbani kabla ya kumaliza shule. Nani amewahi kuwauliza wanalalaje?

Agosti 2022, mjini Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walipitisha mkakati wa PEN-Plus, ili matibabu ya magonjwa kama haya yafike hospitali za wilaya. Kwa msingi huo, stripu za kutosha kupima angalau mara nne kwa siku ziingie katika oda ya kawaida ya National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, zisitegemee moyo wa mfadhili. Sensa zianze na watoto wadogo wasioweza kueleza wanavyojisikia, na wale ambao wamewahi kuzimia, katika hospitali za rufaa za mikoa. Kutoka hapa hadi hospitali ya Mulago, Kampala, ni karibu kilomita 500; zikiishia Kampala, sisi hazijatufikia. Na kila kliniki inapoandika sukari ya mtoto, imuulize mlezi hali yake, iiandike pia.

Mwaka wa fedha huanza Julai. Kabla ya hapo, tunaomba wizara itutangazie ni stripu ngapi zimeagizwa, na sensa zitaanzia hospitali zipi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtoto mwenye kisukari, Arua