Umoja wetu unaishia mlangoni kwa sheha

Mheshimiwa Mhariri,

Kila uchaguzi wa Zanzibar ukimalizika, barazani kwetu hapa Pemba kahawa ya jioni haina mazungumzo mengine: chama cha pili kitapewa wizara ngapi, na zipi. Mmoja anaitaka Afya, mwengine anaapa kwamba bila ya Fedha hakuna serikali ya pamoja. Hesabu hizo nazisikia tangu 2010, na naona tunazianzia juu kabisa, pahala ambapo raia wa kawaida hafiki.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni katika waliopanga foleni tarehe 31 Julai 2010 kupiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na niliweka ndiyo kama walivyofanya zaidi ya asilimia 66 ya wenzangu. Miezi michache nyuma, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume wa CCM, chama kinachotawala, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, walikuwa wamekaa pamoja Ikulu, jambo ambalo wengi tulidhani tutakufa hatujaliona. Oktoba ukaja uchaguzi. Dk Ali Mohamed Shein wa CCM akapata asilimia 50.1, Maalim 49.1. Kwa matokeo ya karibu namna ile, miaka ya nyuma tungefunga milango mapema na kusikiliza magari usiku. Anayeikumbuka Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, hahitaji maelezo. Safari ile tulilala, asubuhi tukaenda sokoni. Nalishukuru hilo mpaka leo.

Wala sisemi kwamba mawaziri waliotoka upande wa pili walikuwa pambo la ukumbi. Julai 2012, meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, hata mwaka haujatimia tangu msiba wa MV Spice Islander, Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano, Hamad Masoud Hamad wa CUF, alijiuzulu. Waziri kujiuzulu kwetu ni kama kumuona nguva. Rais akamteua Rashid Seif Suleiman, naye wa CUF, na mlingano ukabaki vile vile. Hapo serikali ya pamoja ilifanya kazi kama ilivyoandikwa.

Shida yangu ni kile ambacho hakikuandikwa. Marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar yametaja Makamu wa Kwanza kutoka chama kilichofuatia, Makamu wa Pili kutoka chama cha Rais ambaye ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi, na mawaziri wagawanywe kwa kufuata viti vya Barazani. Baada ya hapo, kimya. Katibu mkuu wa wizara, ambaye ndiye mwenye dhamana ya fedha zake, anateuliwa na Rais. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, hali kadhalika. Sheha, yule msimamizi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya serikali, huteuliwa na mkuu wa mkoa. Kwa hiyo waziri wa chama cha pili anaweza kusimama Barazani akajibu maswali ya wizara nzima, na asiwe na mtu wake hata mmoja kuanzia mlango wa ofisi mpaka kijijini.

Na sheha, Mhariri, ndiye serikali tunayoijua sisi. Kuzaliwa mtoto, kuuza kiwanja, kumuandikisha mwana skuli, kote utaambiwa lete barua ya sheha. Kijana wangu alipofikia umri wa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, alikwenda kwa sheha wa shehia ambayo sitaitaja. Mara ya kwanza akaambiwa fomu zimekwisha. Mara ya pili aje Jumatatu. Mara ya tatu akaulizwa baba yake huwa anakaa baraza ipi. Swali hilo hapa kwetu halihusu kahawa, linahusu chama. Na bila kitambulisho hicho huandikishwi katika daftari la wapigakura, hivyo si karatasi ndogo. Wakati huo huo redio ilikuwa inatangaza umoja wa kitaifa, na ilikuwa kweli, kule mjini mawaziri wa vyama viwili walikuwa wanakula sinia moja.

Kuna wanaosema dawa ni kuongeza idadi ya wizara. Hao wakumbuke 2016. CUF ilisusia uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi, na bado tukapata mawaziri kutoka vyama vitatu vidogo, walioingia Barazani kwa uteuzi wa Rais. Idadi ya vyama mezani iliongezeka. Huku chini sikuona mtu aliyepata barua yake mapema kwa sababu hiyo. Desemba 2020 Maalim akarudi kuwa Makamu wa Kwanza, safari hii kwa chama chake kipya cha ACT-Wazalendo, akafariki Februari 2021 na nafasi ikaenda kwa Othman Masoud Othman. ACT ilipewa Afya na Biashara. Tukaanza tena kuhesabu wizara.

Ombi langu kwa Wawakilishi wa pande zote ni dogo kuliko Wizara ya Fedha. Sheha achaguliwe na wakaazi wa shehia yake, kwa kura, kwa muda maalumu. Likiwa hilo ni zito, basi angalau wakuu wa mikoa na wilaya wateuliwe kwa kushauriana na Makamu wa Kwanza. Najua chama kinachotawala hakitalipenda, na sina hakika hata hao wa pili watalipigania wakishapewa magari.

Kijana wangu kitambulisho alikipata, baada ya miezi mitano na kwa sababu mjomba wake anajuana na mtu wilayani. Mtoto wa jirani yangu, waliyekwenda siku moja, hana mjomba wa namna hiyo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Pemba