Wasifu wa Paul Bomani uanzie kwenye mizani ya pamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nichangie kuhusu namna tunavyoandika wasifu wa viongozi wetu wa zamani. Kilichonisukuma ni makala moja niliyoisoma hivi karibuni juu ya marehemu Paul Bomani, mwanzilishi wa ushirika wa wakulima wa pamba kanda ya Ziwa, ambayo ilimsifu kwa upole wake, uchapakazi wake na kipaji cha uongozi kilichodaiwa kuonekana tangu utotoni, ikavitaja vyeo vyake kimoja baada ya kingine hadi uwaziri wa fedha na ubalozi wetu nchini Marekani, kisha ikamwombea pumziko jema. Sina ugomvi na sifa hizo, na huenda zote ni za kweli. Ninacholalamikia ni kwamba msomaji aliweza kuimaliza makala nzima bila kukutana na neno pamba hata mara moja. Kusimulia maisha ya Bomani bila pamba ni kama kusimulia maisha ya mvuvi wa Ukerewe bila kulitaja ziwa.

Nilifundisha historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na baba yangu alilima pamba huku huku Usukumani. Siku ya mauzo nilipelekwa naye nikiwa mtoto. Mizani ilining'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, vijana wawili wakalinyanyua gunia na kulitia kwenye ndoano, mshale ukacheza, na kabla haujatulia karani alikuwa amekwisha kutaja namba na kuiandika kitabuni. Baba hakuutazama mshale. Alikuwa akimtazama karani usoni, kwa kuwa namba za kwenye mizani hakuzijua, lakini sura za watu alizijua vizuri.

Naanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu ninataka kutetea njia ya kuandika wasifu ambayo siku hizi inaonekana imepitwa na wakati, yaani ile ya waandishi wanaofuata fikra za Karl Marx. Mwaka 1852 Marx aliandika juu ya Louis Bonaparte, mtu aliyejitwalia madaraka nchini Ufaransa, na hoja yake ya mwanzo ilikuwa kwamba wanadamu hujitengenezea historia yao wenyewe, ila hawaitengenezi kwa mazingira waliyojichagulia, bali kwa yale waliyoyakuta na kurithi. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuonyesha jinsi mapambano ya matabaka yalivyotengeneza mazingira yaliyomwezesha mtu wa kawaida kabisa kuvaa joho la shujaa. Hapo ndipo mwandishi wa namna hii anapotofautiana na mwandishi wa makala niliyoisoma: wa makala anauliza mhusika alikuwa mtu wa namna gani, na mfuasi wa Marx anauliza zaidi kiti alichokikalia kilichongwa na nani, kwa mbao zipi, na kwa nini wakati ule na si mwingine.

Basi tumuulizie Bomani kwa njia hiyo. Alizaliwa mwaka 1925, akafanya kazi ya uhasibu kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na kuanzia mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Kwa hiyo hakutoka moja kwa moja kwenye jembe. Alitoka katika kundi dogo la Waafrika waliosoma, waliojua hesabu, na waliotaka kuingia katika biashara wakaukuta mlango umefungwa, kwa kuwa ununuzi wa pamba na viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, huku serikali ya kikoloni ikishika leseni na kupanga bei. Upande wa pili walikuwepo wakulima, ambao bei ya pamba duniani ilipopanda wakati wa vita vya Korea walisikia habari zake kuliko walivyoziona fedha zake, na ambao malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya kupunjwa kwenye mizani. Wakulima hao walianza kuweka watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji. Makundi haya mawili, moja lenye elimu ya vitabu vya hesabu na jingine lenye magunia, yalihitajiana, na Bomani alisimama mahali yalipokutana. VFCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kanda hii alioongoza kuuanzisha, uliandikishwa mwaka 1955, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 ulikuwa unanunua karibu pamba yote ya wakulima wetu. Ikumbukwe pia kwamba TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958, na kwa muda huo wote mkutano wa ushirika ulikuwa mahali ambapo watu wangeweza kukusanyika kihalali na kuzungumzia kipato chao. Bila kulieleza hilo, umaarufu wa Bomani unabaki kuwa muujiza.

Najua pingamizi litakalokuja: je, ina maana mtu mwenyewe hana thamani, na yeyote angeweza kukaa pale? Swali hili limewagawa hata wafuasi wa Marx. Plekhanov, Mrusi aliyeandika juu ya nafasi ya mtu binafsi katika historia mwaka 1898, alishikilia kwamba hulka ya kiongozi inaweza kubadili sura ya matukio lakini si mwelekeo wake mkuu, na kwamba kama risasi ingemwangusha Napoleon mapema, upanga mwingine ungepatikana. Trotsky, aliyeyaona mapinduzi ya Urusi ya 1917 kutoka ndani, aliandika katika shajara yake mwaka 1935 kwamba kama yeye na Lenin wasingekuwepo Petrograd, mapinduzi ya Oktoba yasingetokea. Isaac Deutscher, aliyeyaandika maisha ya Trotsky katika juzuu tatu kati ya 1954 na 1963, alimpenda mhusika wake kuliko kawaida, lakini hapo alimpinga na kumuunga mkono Plekhanov. Mimi kwa hili nasimama karibu na Plekhanov, ingawa si kwa miguu yote miwili. Ushirika ungekuja kanda ya Ziwa hata bila Bomani: wakulima wa kahawa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925 na chama kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933, na Bukoba walipata chama kikuu chao mwaka 1950. Popote mkulima alipouza zao lake kwa mizani ya mtu mwingine, ushirika ulichipua. Lakini kwamba hapa kwetu ulikuja kwa ukubwa ule, kwa haraka ile, ukiwakusanya Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na wengine chini ya muungano mmoja, hapo akili na subira ya watu fulani inahusika, na mwandishi wa wasifu anapaswa kuionyesha kwa vitendo badala ya kuitangaza kwa vivumishi.

Upande wetu, sisi tunaofuata njia ya Marx, nao una dhambi zake, na sitaki kuzificha. Wakati wa ujana wetu ilitosha kumwita mtu bwanyenye uchwara, yaani mtu wa tabaka la kati mwenye mali kidogo, na maisha yake yakawa yameelezwa. Sartre, Mfaransa aliyejihesabu kuwa karibu na Umarx, aliwacheka wandani wake mwaka 1957 kwa tabia hiyo: alikubali kwamba mshairi Valéry alikuwa msomi wa tabaka hilo la bwanyenye uchwara, kisha akawakumbusha kwamba si kila msomi wa tabaka hilo ni Valéry. Hapa Mwanza miaka ya 1940 walikuwepo makarani na wafanyabiashara wengi wenye elimu kama ya Bomani au kuizidi. Tabaka linatueleza kwa nini walikuwa na kiu ileile, lakini halitwambii kwa nini mmoja wao alikwenda kwa wakulima na wengine wakabaki madukani. Kwa hilo inabidi kurudi kwenye familia, shule, kanisa, marafiki, pengine hata ugomvi wa kikazi.

Jambo jingine ambalo wasifu wa kusifu tu hauwezi kulisema ni kilichofuata baada ya Uhuru. Mizani niliyoiona mimi utotoni haikuwa ya mnunuzi binafsi. Ilikuwa mizani ya ushirika, na karani aliyewahi kuandika kabla mshale haujatulia alikuwa mtu wetu, wa chama ambacho sitakitaja. Baba alikuwa akisema kwamba mizani imebadilisha mwenyewe tu, njaa yake ni ileile. Malalamiko ya namna hiyo yalienea kiasi kwamba mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuvichunguza vyama vya ushirika, na mwaka 1976 ikavifuta, kabla ya sheria ya 1982 kuvirudisha. Simlaumu Bomani kwa makosa ya makarani, kwani wakati huo alikwisha kuhamia Dar es Salaam. Ila tabaka lile lile lenye elimu ya hesabu, lililokuwa silaha ya mkulima mwaka 1955, miaka kumi baadaye lilikuwa limeketi juu ya magunia yake, na hadithi ya mwanzilishi haikamiliki bila kulifuatilia.

Kisha kuna wale ambao hata wafuasi wa Marx wamewasahau mara nyingi. Usiku wa kuamkia mauzo mama na dada zangu walikaa kwenye mkeka, koroboi katikati, wakitenganisha pamba safi na pamba fifi, ile ya daraja la chini, hadi vidole vikapasuka kwa makapi. Stakabadhi ilitoka na jina la baba. Mtafiti anayetegemea stakabadhi atahesabu wanachama wanaume na kuandika kwamba wao ndio waliomwinua Bomani.

Mwaka 2020 Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa wasifu wa Mwalimu Nyerere katika juzuu tatu, kazi inayomweka mhusika ndani ya mvutano wa matabaka bila kumnyima utu wake. Iliandikwa kwa Kiingereza. Wasifu wa watu wa ushirika wa kanda hii, kwa Kiswahili, unaweza kuanza na kazi ndogo zaidi, na gazeti lako lina wasomaji katika kila wilaya iliyolima pamba. Vitabu vya zamani vya vyama vya msingi vinaliwa na mchwa kwenye maghala, wazee waliosimamia mizani miaka ya 1950 wamebaki wachache, na nyimbo za kulimia za bagobogobo, vikundi vya Kisukuma vya kulima kwa ngoma, zinazotaja pamba na viongozi wake bado zina waimbaji. Ningeomba mwandishi wa makala ile, akipata nafasi ya sehemu ya pili, aje kwanza huku vijijini. Stakabadhi za baba ninazo bado, ndani ya bati la biskuti, na nitamwonyesha.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Nyakato, Mwanza